Kahawa yenye siagi: kabla ya kuinywa kama dawa, tuulize ushahidi

Kuna mtindo wa kunywa kahawa ambao umezunguka dunia kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Mtu anachukua kikombe cha kahawa nyeusi isiyo na sukari, anatia vijiko viwili vya siagi, anaongeza mafuta yaliyotolewa kwenye nazi, anasaga kwa mashine mpaka povu litokee, kisha anakunywa badala ya chakula cha asubuhi. Wanaoisifu wanasema inapunguza unene, inaongeza nguvu za akili na inafukuza njaa mpaka mchana. Wengine wanafika hata kusema inaponya ugonjwa wa sukari. Video zenye maneno hayo hazilipi ushuru Kasindi wala hazipimwi na OCC. Zinaingia moja kwa moja kwenye simu ya kijana wa komini ya Mususa sawasawa na ya kijana wa Kampala ama wa Bruxelles.

Hatuna ugomvi na kahawa. Ingekuwa ajabu mji kama Butembo ugombane na kahawa, wakati watu wengi hapa wamesomeshwa kwa pesa yake, kuanzia robusta ya mabonde ya Beni hadi arabika ya milima ya Lubero na Ruwenzori. Ugomvi wetu ni na maneno yanayotiwa ndani ya kikombe pamoja na siagi. Mtu akisema kinywaji ni kitamu, hilo ni shauri la ulimi wake. Akisema kinaponya, anadaiwa ushahidi. Na katika mambo mengi yanayosemwa juu ya kahawa hii, ushahidi ni mdogo sana kuliko sauti ya wanaoitangaza.

Ilianzia wapi

Aliyeipa kahawa hiyo umaarufu ni Mmarekani Dave Asprey, aliyefanya kazi katika biashara ya teknolojia. Kwa maelezo yake mwenyewe, wazo lilimjia mwaka 2004 alipokuwa milimani Tibet na kupewa chai yenye siagi. Mwaka 2009 aliandika mapishi yake kwenye intaneti, kahawa mahali pa chai. Baadaye alianzisha kampuni ya Bulletproof, inayouza buni na mafuta ya kutia ndani ya kikombe.

Kuuza si kosa. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na hakuna anayeweza kutufundisha kudharau biashara. Lakini mfanyabiashara wa kwetu anajua pia kwamba kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu anayekuambia kahawa ya kawaida inakudhuru, kisha anakuuzia ile isiyodhuru, hawezi kuwa shahidi pekee wa maneno yake.

Tena, kuchanganya siagi na kinywaji cha moto ama na buni si uvumbuzi wa Marekani. Watu wa Tibet wanakunywa chai yenye siagi na chumvi tangu zamani, kwa sababu wanaishi kwenye baridi kali, juu sana milimani, na wanafanya kazi nzito. Karibu nasi zaidi, Waoromo wa Ethiopia wana desturi iitwayo buna qalaa: buni nzima inapikwa ndani ya siagi na kuliwa katika sherehe na maombi ya familia. Kwao siagi ni chakula na heshima. Hawakuitangaza kuwa njia ya kupunguza tumbo. Biashara ilichukua chakula cha watu wanaotumia nguvu nyingi, ikakiuza kama dawa kwa watu wanaokaa ofisini kutwa.

Hesabu ya kikombe

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upande. Kikombe cha kahawa nyeusi bila sukari kina kalori zisizofika kumi. Kijiko kimoja cha mezani cha siagi, gramu 14 hivi, kinaleta kalori 100. Vijiko viwili ni 200. Kijiko kimoja cha yale mafuta maalum kinaongeza kalori zaidi ya 110. Kikombe sasa kimefika kalori 300 na zaidi, na wanaotia vijiko viwili vya mafuta wanapita 400.

Kalori hizo zinatoka karibu zote kwenye mafuta, na sehemu kubwa ni mafuta ambayo wataalamu wanayaita mafuta yaliyoshiba. Ni jamii ya yale yanayoganda kukiwa na baridi, kama siagi inavyoganda na kama mawese yanavyokuwa mazito ndani ya chupa asubuhi za baridi za Butembo. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nguvu zote mtu anazopata kwa siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi. Vijiko viwili vya siagi na kimoja cha mafuta vinaleta gramu 28. Kwa hiyo mtu amemaliza kipimo cha siku nzima na kukipita kabla hajagusa bugali, sombe ama nyama.

Na amepata nini kingine? Protini karibu hakuna. Nyuzi za kusaidia tumbo hakuna. Madini ni machache. Vitamini A iko kidogo ndani ya siagi, lakini hakuna anayehitaji kahawa ili kuipata. Sahani ya maharagi inamfanyia mtu kazi nyingi zaidi, na hakuna anayeitengenezea video.

Madai matatu

Dai la kwanza ni kupunguza mwili. Wapo wanaosema: "Mimi nilikunywa, nikapungua." Inawezekana kabisa, na hatuwaiti waongo. Mafuta yanakawia tumboni, kwa hiyo njaa inachelewa. Mtu aliyeacha mkate, mandazi na chai yenye vijiko vinne vya sukari, akanywa kikombe kimoja tu mpaka mchana, anaweza kujikuta amekula kidogo kwa siku. Hapo kilichompunguza ni kile alichoacha. Angeacha sukari na mandazi bila kuongeza siagi, huenda angepungua zaidi na pesa ya siagi ingebaki mfukoni. Lakini anayekunywa kikombe hicho kisha akala chakula chake cha asubuhi kama kawaida ameongeza mlo juu ya mlo.

Kuna utafiti juu ya yale mafuta maalum, na wanaoyauza wanapenda kuutaja. Utafiti huo unaonyesha kwamba watu waliotumia mafuta hayo mahali pa mafuta mengine walipungua kidogo, kwa muda mfupi. Tofauti kati ya "mahali pa" na "juu ya" ndiyo inayopotea katika matangazo. Tena mafuta hayo yamechujwa kiwandani. Mafuta ya nazi ya dukani yana sehemu ndogo tu ya aina ile iliyopimwa na watafiti. Mtu anayenunua chupa ya mafuta ya nazi akidhani amenunua kitu kile kile amekosea bidhaa.

Dai la pili ni akili. Ni kweli kwamba mwili ukikosa wanga, ini linatengeneza kutoka kwenye mafuta aina ya nguvu ambayo ubongo unaweza kutumia. Jambo hilo linajulikana katika matibabu kwa miaka zaidi ya 100. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza chakula chenye mafuta mengi sana kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo njia hiyo inasaidia baadhi ya watoto ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia. Lakini inafanyika chini ya macho ya daktari, kwa vipimo na kwa mpango wa chakula cha siku nzima. Haiwezekani kuichukua kutoka hospitali, kuitia ndani ya kikombe kimoja, kisha kumwahidi mwanafunzi wa Graben kwamba atafaulu mtihani. Anayekunywa kahawa na kujisikia macho makavu ana sababu rahisi: kafeini. Kafeini inafanya kazi hiyo bila siagi.

Dai la tatu linatugusa zaidi sisi wenye mashamba. Linasema kahawa ya kawaida imejaa sumu ya uvundo, na ndiyo maana watu wanachoka, isipokuwa wanunue kahawa "safi" ya kampuni fulani. Hapa kuna ukweli mdogo uliokuzwa. Sumu inayoitwa okratoksini inaweza kutokea kwenye buni iliyokaushwa vibaya ama kuwekwa mahali penye unyevu. Inajulikana, inapimwa, na sehemu kubwa yake inapungua buni inapokaangwa. Umoja wa Ulaya umeweka kipimo ambacho kahawa haitakiwi kupita. Tume ya Codex, inayoweka kanuni za chakula duniani, ilitoa mwongozo wa kuizuia mwaka 2009. Na mwongozo wenyewe ni mambo ambayo mkulima wa Mutwanga ama wa Lubero anaweza kuyafanya: kuvuna matunda yaliyoiva, kukausha juu ya meza ama turubai badala ya udongo mtupu, kufunika mvua inapokuja, kutunza magunia mbali na maji. Vituo vidogo vya kuoshea kahawa vya vyama vya ushirika, kama Kawa Kanzururu kwenye miteremko ya Ruwenzori, vimejengwa juu ya uangalifu wa namna hiyo.

Kwa hiyo usafi wa kahawa ni kazi ya mikono ya wakulima, na hauna mwenyewe mmoja huko ng'ambo. Wakulima wetu waliona robusta ya Beni ikinyauka kwa ugonjwa katika miaka ya 1990, wakaona vita, wakaona kahawa yao ikivuka mpaka na kuuzwa kwa jina la nchi nyingine. Si haki waongezewe na uvumi kwamba kahawa isiyo na chapa ya Marekani ni sumu.

Hatari ni ya nani

Mtu mwenye afya, kijana, anayekunywa kikombe hicho mara moja kwa mwezi kwa kujaribu, hatutamtisha. Tunawafikiria wengine.

Wa kwanza ni mwenye tansio ama mwenye ugonjwa wa moyo. Mafuta yaliyoshiba yanapandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Tena kahawa yenyewe, ikichemshwa na kunywewa bila kuchujwa kwa karatasi, inabaki na mafuta yake ya asili yanayopandisha kolesteroli. Watafiti wa Tromsø, Norway, walionyesha mwaka 1983 kwamba watu waliokunywa kahawa kwa wingi walikuwa na kolesteroli ya juu, na baadaye ikajulikana kwamba kahawa ya kuchemsha ndiyo iliyokuwa na sehemu kubwa katika hilo. Nyumbani kwetu kahawa inachemshwa kwenye sufuria ama birika. Anayeongeza siagi juu yake anabeba mizigo miwili kwa safari moja.

Wa pili ni mwenye ugonjwa wa sukari. Huyu ana hatari ya karibu zaidi. Kama anajidunga insulini ama anameza baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, kisha anaacha chakula cha asubuhi kwa kuamini kikombe, sukari yake inaweza kushuka ghafla mpaka azimie. Na kama ameambiwa kwamba kahawa inaponya, akaacha dawa, sukari itapanda kimya kimya mpaka imfikie kwenye macho, figo na miguu. Hakuna kahawa, yenye siagi ama isiyo nayo, inayochukua nafasi ya dawa aliyoandikiwa na daktari.

Wa tatu ni mama mjamzito. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidi miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mama mjamzito asizidi 200, yaani vikombe viwili hivi vya kahawa ya kawaida. Tena kahawa na chai zikinywewa pamoja na chakula zinapunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwenye chakula hicho. Mama aliyepungukiwa damu anahitaji kulijua hilo kuliko mapishi ya video.

Wa nne ni mtoto. Katika nyumba zetu mtoto anapewa kile wakubwa wanachokunywa. Mzazi akiamini kwamba kikombe kimoja kinatosha mpaka mchana, mtoto naye atapelekwa shuleni na kikombe. Mkoani ambapo familia nyingi zimekimbia mashamba yao kwa sababu ya mauaji, na vituo vya afya vinapokea watoto wenye utapiamlo, fundisho la kuruka mlo wa asubuhi si mchezo wa mtindo.

Na mawese je?

Siagi ni ghali hapa. Si vigumu kukisia kwamba mtu atasema: kama ni mafuta tu, tutie mawese ama majarini. Tuseme wazi: mawese si adui. Mawese mekundu yana wingi wa kile ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A, na kwa familia yenye chakula kidogo, kijiko cha mawese kwenye sombe ama maharagi ni nguvu ya kweli. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta yaliyoshiba. Mahali pake ni kwenye sufuria, kwa kipimo, pamoja na mboga na protini. Kuyahamishia kwenye kahawa hakuyageuzi kuwa dawa, na kuyachemsha mpaka yawe meupe kunaharibu hata ile faida yake.

Kahawa pia ina mema yake, na tusiyafiche. Mwaka 2016 taasisi ya WHO inayochunguza saratani iliiondoa kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, ambako ilikuwa kwa sababu ya kibofu cha mkojo. Taasisi hiyo hiyo ilionya juu ya kinywaji chochote cha moto sana, kinachopita nyuzi 65, kwamba huenda kinaleta saratani ya koo la chakula. Ushauri wa bure ni huo: ungoje kikombe kipoe kidogo, upunguze sukari. Hakuna anayetajirika kwa kuusambaza.

Kwa nini tunaandika haya

Msomaji anaweza kuuliza: katika mji wenye shida ya usalama, barabara mbovu na umeme wa kubahatisha, kwa nini kupoteza wino kwa kahawa? Jibu letu ni kwamba sisi wa Beni na Butembo tunajua kuliko wengi bei ya habari ya afya isiyopimwa. Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 ilidumu mpaka Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Wakati ule uvumi ulitembea haraka kuliko magari ya wagonjwa. Wengine walikataa chanjo, wengine walificha wagonjwa, na vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Kahawa yenye siagi haiwezi kulinganishwa na Ebola. Lakini mlango unaopitiwa ni ule ule: kuamini neno la afya kwa sababu limetumwa na mtu tunayempenda, ama limesemwa na mtu anayejua kusema.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa sehemu nne.

Redio na kurasa za habari za mji, pamoja na yetu: tusipokee pesa kutangaza kinywaji kinachodai kuponya bila kumuuliza mwenye tangazo ushahidi wake, na bila kumpa daktari nafasi ya kujibu katika kipindi hicho hicho. CSAC ina wajibu wa kukumbusha hilo.

OCC na ACOREP: bidhaa inayouzwa kama chakula ikaguliwe kama chakula, na inayodai kutibu idaiwe vibali vya dawa. Kikopo cha kahawa hakiwezi kuwa chakula mbele ya mkaguzi na kuwa dawa mbele ya mteja.

Madaktari na wauguzi: msiwacheke wagonjwa wanaoleta maswali ya TikTok. Mgonjwa aliyechekwa hatarudi kuuliza, na atatafuta jibu kwa yule asiyemcheka. Dakika tano za maelezo siku ya kupima tansio zinaweza kumzuia asiache vidonge vyake.

Na wewe msomaji, kabla ya kutuma video kwa kundi la familia, uliza maswali matatu. Anayesema anauza nini? Alipimwa nani, wangapi, kwa muda gani? Na mwenye tansio ama sukari nyumbani kwetu akifuata maneno haya, itakuwaje? Kama hujapata majibu, usitume.

Kahawa ya milima yetu haihitaji kusingiziwa uponyaji ili ipate heshima. Inahitaji bei nzuri kwa mkulima, barabara ya kuishusha na watu wa hapa watakaoinywa kwa kuipenda. Anayetaka siagi na apake kwenye mkate, kwa kiasi. Mgonjwa na apelekwe kwa daktari.